Wenyewe Wanapaitaje?

Jioni moja mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alinijia na ramani ya nchi alizozibuni mwenyewe. Kulikuwa na mito, milima na bandari. Nchi yake aliiita Neema. Ng'ambo ya milima aliandika Gizani.

"Huko wanakaa watu wabaya, Babu," akanieleza.

"Na wao wenyewe wanapaitaje kwao?"

Akanitazama, asiwe na la kusema.

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikaa moyoni tangu niliposoma The Lord of the Rings, kitabu cha J.R.R. Tolkien kilichotoka kati ya 1954 na 1955. Tolkien alikuwa profesa huko Oxford, na kwake yeye lugha ilitangulia: alibuni lugha kwanza, ndipo akazitafutia watu wa kuzisema na nchi za kukaa. Kwa hiyo majina ya nchi zake si sauti tupu. Katika mojawapo ya lugha hizo, gond ni jiwe na dor ni nchi. Basi Gondor ni nchi ya mawe. Mordor ni nchi nyeusi. Rohan ni nchi ya farasi.

Lakini wenyeji wa Rohan kwao hawapaiti Rohan. Jina hilo limetoka katika lugha ya wengine, wale wa Gondor. Wao husema Mark, neno la kale lenye maana ya nchi ya mpakani.

Niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu mama yangu. Alizaliwa Unguja, na ukimwuliza kwao ni wapi, alijibu Unguja, basi. Zanzibar ni jina lenye asili ya Kiajemi, maana yake pwani ya watu weusi. Aliyelitoa alikuwa chomboni, akiitazama nchi kavu kwa mbali.

Na Mordor je? Wakazi wake nao wana lugha yao, na ngome kuu ya huko huiita Lugbúrz. Nilifurahi kuwasikia wakisema kwa kinywa chao, kumbe tafsiri yake ni mnara wa giza vile vile! Watu wa kubuni hawana njia ya kumkanusha aliyewabuni.

Sisi tunayo. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha habari za safari yake ya kulivuka bara letu, na katika jina la kitabu akaliita Bara la Giza. Humo ndani ameandika Ugogo, Usukuma, Uganda. Majina aliyasikia kwa watu wa bara hilihili, akayaandika kwa mkono wake, na bado juu ya jalada akaweka giza. Wahenga walisema, akutukanaye hakuchagulii tusi.

Simlaumu mtoto. Kila mchora ramani husimama kwake, na kwa mwingine hukuona mbali na kweusi. Nililotaka ajue ni kwamba ng'ambo ya milima nako kuna mama anayemwita mwanawe arudi nyumbani, na nyumba hiyo ina jina.

Kesho yake aliirudisha ramani. Neno Gizani lilikuwa limefutwa, na mahali pake hapakuandikwa kitu.

"Mbona umepaacha patupu?"

"Bado sijawauliza, Babu."