Chuo cha Ualimu Nacho Kinahitaji Mlezi



Matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, tunamnyoshea mwalimu kidole, kisha chuo kilichomwandaa. Chuo hukaguliwa: majengo, vitabu, sifa za wakufunzi. Ukaguzi ni wa lazima. Lakini ripoti huonyesha kidonda, haikifungi.

Mimi ni padre, nafundisha Hisabati katika seminari ndogo, na kila mwaka tunapokea walimu tarajali kwa mazoezi ya kufundisha. Mwaka jana alikuja kijana mwenye bidii. Maandalio yake ya somo yalikuwa safi. Ila mwanafunzi alipokosea, alirudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha njia nyingine. Mkufunzi wake alifika mara moja tu, juma la mwisho, akakaa robo saa, akajaza fomu. Simlaumu: alikuwa na shule nyingi za kuzungukia, na nauli alitoa mfukoni mwake.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiketi nyuma ya darasa mara mbili kwa juma. Tulikubaliana kwamba kabla ya kusahihisha amuulize mwanafunzi, “Umefikaje hapo?” Siku moja akagundua kwamba nusu ya darasa walikuwa wakijumlisha nusu na theluthi na kupata mbili ya tano: walijumlisha namba za juu, kisha za chini. Jioni alikuja ofisini akicheka. Alikuwa ameanza kuwa mwalimu.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu wakiwa tayari kazini, kwa masomo ya posta na redio. Hata hivyo, ilionekana lazima wakufunzi wawafuate hukohuko vijijini. Karatasi peke yake haikutosha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wito wa ualimu unadai vipaji vya akili na moyo, maandalizi makini, na utayari wa kujifanya upya daima. Frateri anapotumwa mwaka wa kichungaji, paroko hula naye, husali naye, humwonya. Hatumpimi kwa robo saa. Kwa nini mwalimu wa watoto wetu apate pungufu ya hapo?

Basi, tusaidie. Parokia yenye chuo jirani iwachangie wakufunzi nauli na chakula wakati wa mazoezi. Shule zetu zimpunguzie vipindi mwalimu mzoefu mmoja, aketi na walimu tarajali. Nao wakufunzi tuwakaribishe wafundishe darasa halisi, angalau kwa muhula mmoja, wasisahau vumbi la chaki.

Nanyi mafrateri mtakaotumwa mashuleni mwaka huu, ketini kwanza nyuma ya darasa.