Njia ya Lushoto humjaribu dereva

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, gari lako halipati mtihani wa kweli mpaka ufike Mombo. Hapo unaiacha barabara kuu iendayo Moshi, unakata kulia na kuanza kuipanda milima ya Usambara. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini ni kona juu ya kona, jabali upande huu, korongo upande ule.

Mwaka jana niliipanda njia hiyo na mke wangu na watoto. Kabla ya Soni, penye maporomoko ya maji, nilikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mwendo usiongezeke. Mara ikaja harufu ya kuungua. Nilivuta breki ya mkono, mama watoto akashuka kutia jiwe nyuma ya gurudumu. Tulingoja klachi ipoe, tukajikokota hadi Soni.

Fundi aliniuliza swali moja: “Ndugu, mguu wako wa kushoto huuweka wapi?” Niliona haya. Tangu Chalinze nilikuwa nimeupumzisha juu ya pedeli ya klachi.

Klachi ni sahani inayobanwa ili nguvu ya injini ifike kwenye gia. Ukikanyaga pedeli, inaachiwa. Ukiondoa mguu, inabanwa. Mguu ukiilalia, hubanwa nusunusu, ikateleza, ikapata moto na kulika.

Dalili hazikosekani. Gari huanza kuondoka pale tu pedeli inapokaribia kufika juu. Gia hukwaruza au hukataa kuingia. Pedeli huwa laini, pengine kwa sababu mafuta yake yanavuja. Mimi niliiona dalili ya kwanza nikiwa bado mjini, nikaipuuza.

Basi kabla ya safari, simama mahali tambarare pasipo watu. Kaza breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi ingali inashika. Ikiendelea kunguruma, nenda kwa fundi. Usirudie jaribio hilo ovyo. Mlimani, ukisimama, tumia breki, usilizuie gari kwa klachi. Ondoka kwa gia ya kwanza, na ukishabadili gia, weka mguu sakafuni.

Sisi tulimalizia safari kwa basi, gari likabaki Soni. Lushoto ilitupokea kwa baridi yake na mapeasi matamu, lakini fedha ya mapumziko ilikwisha kwa fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.