Ushahidi, na msimbo wa mizani ya maziwa

 

Kuna maneno yanayorudiwa sana: fungua msimbo wa programu yako, na waandishi wa programu watamiminika kukusaidia bure. Mimi siyaamini. Lakini programu huria naiamini, na sababu yangu ni Ushahidi.

Wengi mnalijua jina. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh aliomba kwenye blogu yake mafundi watengeneze ramani ya kuonyesha nini kinatokea wapi. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaijenga kwa siku chache. Wananchi wakatuma taarifa kwa wavuti na kwa ujumbe wa simu. Mwishoni mwa mwezi huo moto ukafika hapa Nakuru, kisha Naivasha. Nilikuwa darasa la nne, na mahema ya wakimbizi pale Uwanja wa Maonyesho nayakumbuka mpaka leo. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini.

Ile ya kwanza ilikuwa kazi ya dharura, ya Kenya tu. Wakaiandika upya kwa PHP, juu ya Kohana, wakaifungua kwa yeyote. Januari 12, 2010 tetemeko likapiga Haiti. Katika saa chache Patrick Meier na wenzake walikuwa wameanzisha ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakaiendesha usiku na mchana. Ujumbe ulitumwa kwa namba 4636, kwa Kikrioli, na Wahaiti walio ng'ambo wakautafsiri. Wengi wao hawakuandika hata mstari mmoja wa msimbo! Jumuiya ilikuwa hao.

Sasa njoo ofisini kwetu. Tuko wanne, tuna programu ya kupima na kurekodi maziwa ya wakulima. Mdosi anauliza: tukiifungua, nani atatulipa? Swali la haki, mshahara wangu umo humo. Ushahidi ilipata wafadhili, Omidyar Network mmojawapo. Sisi hatuna.

Lakini chama cha ushirika hakitulipi kwa ajili ya msimbo. Kinalipa kwa sababu mizani ikigoma saa kumi na moja alfajiri, malori yakisubiri, mmoja wetu anapanda pikipiki. Hilo haliwezi kunakiliwa. Kuhusu washindani, Ushahidi ya leo iko chini ya leseni ya AGPL: ukiibadilisha na kuwapa watu huduma mtandaoni, ni lazima uwape watumiaji wako msimbo wa mabadiliko yako. Inatutosha.

Pendekezo langu ni tuanze na sehemu ya risiti. Wakulima wa Molo na Olenguruone wanaitaka kwa Kikuyu na kwa Kikalenjin, na kati yetu wanne hakuna anayeandika Kikalenjin sawasawa.