Nilizuia Shangazi Asipewe Soda

Shangazi ameniruhusu niandike haya kwa sharti moja: nisipunguze upande wangu.

Kwa miaka mingi nimeongoza kikundi cha jogingi huku Temeke, na muda wote huo nimewaambia watu wenye presha na sukari kwamba mazoezi ni dawa. Hilo ni kweli na sitalikana. Kosa langu ni kwamba niligawa dawa hiyo bila kumuuliza mtu amemeza nini alfajiri.

Shangazi ana maradhi yote mawili. Presha ilimwanza alipovuka miaka hamsini, sukari ikafuata. Kwenye kikundi alikuja kwa ajili yangu, maana nilimfuata nyumbani mpaka akakubali. Nami nilikuwa na kanuni niliyoitangaza kwa kujiamini: hakuna kula kabla ya mazoezi, mafuta yanaungua tumbo likiwa tupu. Shangazi ni mtu wa kufuata maelekezo. Asubuhi ile alimeza vidonge vyake kama kliniki ilivyomwambia, akaacha chai na kiazi alichozoea kula navyo kwa sababu mimi nilimwambia, akaja uwanjani.

Tulipokaribia mwisho wa njia akaanza kubaki nyuma. Nikamhimiza. Akanijibu kwa ukali ambao si wake, maneno yasiyoungana. Alikuwa amelowa jasho, lakini nani kati yetu hakuwa amelowa? Nikaamua ni presha imepanda, nikamkalisha kivulini. Mwenye duka la jirani akaja mbio na soda aliyokwisha kuifungua. Nilimzuia kwa mkono. Nikasema kwa sauti, "Huyu ana sukari, unataka kumuua?" Watu wakanitii, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na filimbi shingoni. Baada ya dakika chache Shangazi akalegea, akawa hajibu tena.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Mashine ikasoma 1.9, wakati sukari ikiwa chini ya 4 tayari ni ya kutibiwa. Wakamwekea glukosi kwenye mshipa, akafumbua macho na kuuliza nani amemvua viatu. Muuguzi akatugeukia: alipoanza kuchanganyikiwa, kwa nini hamkumpa kitu kitamu? Nilinyamaza. Mwenye duka alikuwa amesimama pale pale mlangoni, na yeye hakusema neno. Naamini alinihurumia.

Hilo la soda ningeweza kulisingizia ujinga. Lililofuata siwezi. Nyumbani niliwaambia binamu zangu kwamba mama yao amezidiwa na presha. Wakafanya ambacho watoto wengi wangefanya: wakampiga marufuku kutembea. Asifagie, asiende sokoni, akae. Nikaliona hilo na nikaliacha liendelee, kwa sababu kulirekebisha kulidai niseme nilichofanya. Kwa miezi mwanamke aliyezoea kujishughulisha alikaa kwenye kiti cha barazani, na vipimo vyake vya kliniki vikawa vinapanda, vya sukari na vya presha pia. Kwanza nilimpa mazoezi vibaya, kisha nikamnyang'anya kwa uongo wangu.

Mwishowe nilikwenda mwenyewe kwenye kliniki yake, nikamweleza daktari kila kitu. Aliyonieleza yalinikalisha chini. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na inaendelea kuivuta kwa saa nyingi baada ya mtu kupumzika, wakati mwingine hadi siku ya pili. Ndiyo maana mazoezi yanamfaa sana mgonjwa wa kisukari. Lakini Shangazi alikuwa anatumia glibenklamaidi, dawa inayoilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari tayari iko chini. Kidonge kinashusha, misuli inashusha, na mimi nimekata chakula. Angekuwa anatumia metfomini peke yake, hatari ya kuanguka namna ile ingekuwa ndogo. Angekuwa anachoma insulini, ingekuwa kubwa vilevile, na zaidi kama angechoma pajani muda mfupi kabla ya kukimbia, kwa kuwa mguu unaofanya kazi huifyonza haraka.

Kulikuwa na la pili ambalo sikulidhania. Kidonge chake cha presha kilikuwa atenololi. Dawa za aina hiyo huzuia moyo kwenda mbio na hupunguza mtetemeko wa mikono, dalili zile zile ambazo mwili huzitumia kumwonya mtu kwamba sukari inaisha. Jasho hubaki. Kwa hiyo Shangazi alionywa kwa jasho tu, katikati ya watu wanaotoka jasho. Na mapigo ya moyo ambayo nilikuwa nawapimia wanakikundi kwa saa yangu, nikiwakaripia ambao mapigo yao "hayapandi", hayakuwa na maana yoyote kwa mtu anayetumia dawa hiyo.

Niseme wazi kuhusu wanawake wote wa kikundi, si Shangazi peke yake. Waliposema wamechoka niliita uvivu. Wengi walikuwa wamekwisha kuchota maji, wamefagia uwanja na kuandaa watoto kabla ya sisi wanaume kufunga kamba za viatu, nami nikawataka umbali ule ule na kasi ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliopitia taarifa za Wamarekani wazima zaidi ya 400,000, ulionyesha kwamba faida ya kuishi muda mrefu ambayo wanaume waliipata kwa dakika kama 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wanawake waliifikia kwa dakika kama 140. Hao hawakuwa wagonjwa pekee, lakini nilipousoma niliona aibu. Tena kisukari humwongezea mwanamke hatari ya ugonjwa wa moyo kwa kiwango kikubwa kuliko kinavyomwongezea mwanamume, na moyo wake ukiumwa, mara nyingi hupata uchovu, kichefuchefu au pumzi kukata pamoja na maumivu ya kifua, na pengine bila maumivu hayo. Anaposema amechoka, yafaa asimamishwe na kusikilizwa.

Wanaume niliwakosea kwa njia nyingine. Wao hawasemi. Baada ya kukimbia walikwenda kunyanyua vyuma vya saruji kwa mashindano, wamebana pumzi, mishipa ya shingo imetuna, nami nikishangilia. Kubana pumzi unaponyanyua mzigo mzito hupandisha presha kwa ghafla, mbali sana na kiwango cha kawaida, hata kwa kijana mzima. Mwenye presha hakatazwi vyuma. Anahitaji vyepesi, na kutoa pumzi wakati wa kunyanyua.

Siku hizi mtu mwenye sukari hakimbii nami kabla ya kupima. Anayetumia vidonge vya kuamsha kongosho au insulini, akiwa chini ya 5 anakula kwanza. Mfukoni kila mmoja ana sukari iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mtu akianza kuchanganyikiwa lakini bado anameza, anapewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha baada ya dakika 15 anapimwa tena. Akiwa amepoteza fahamu hatiwi kitu mdomoni, anapelekwa kutibiwa. Presha ikifika 180 kwa 110 mtu hakimbii, anakwenda kliniki. Miguu inakaguliwa tukimaliza, maana kisukari huua hisia za nyayo na lengelenge dogo halisikiki.

Binamu zangu niliwaambia ukweli mbele ya mama yao. Mmoja bado ananisalimu kwa mbali, na ana haki. Daktari alimbadilishia Shangazi dawa, naye sasa anatembea jioni baada ya kula, na anafuatana na yeyote amtakaye mwenyewe. Nilipomwomba radhi hakunijibu kuhusu yeye. Aliuliza, "Na wale wengine uliowaambia wamepona, mwanangu, umewaambia?"

Alikuwa anakumbuka. Nilikuwa na desturi ya kuwapima watu presha mara tu tukimaliza kupoa, kipimo kinakuja kizuri, na mimi natangaza kwamba vidonge havina kazi tena. Presha hushuka kwa saa kadhaa baada ya mazoezi, halafu hurudi. Kwa miezi ya kukimbia, kipimo cha juu hupungua pointi tano hadi nane kwa wengi wenye presha, na hilo ni jambo kubwa, lakini mtu wa 170 hafiki 120 kwa jogingi peke yake. Nimewatembelea niliowapata. Wawili walikuwa wameacha dawa kabisa, sasa wamerudi kliniki. Wengine wamehama na simu zao hazipatikani.

Kama uliwahi kukimbia na kikundi chetu, nikakupima ukiwa bado unahema na nikakuambia umepona, nilikosea. Nenda kliniki, kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, upimwe upya, na uwaambie ni lini uliacha vidonge na ni nani aliyekushauri.