Neno "Na" na Neno "Ao": Maana Yao Inatoka Wapi?



Sisi wa mwaka wa sita tunasoma logiki, na wadogo wetu wanauliza: masomo hayo ni ya kazi gani? Ninataka kujibu kidogo.

Neno "mbuzi" unaweza kulionyesha kwa kidole. Lakini "na", "ao", "kama", nani atakuonyesha? Hakuna kitu duniani kinachoitwa "ao". Basi maana yake inatoka wapi?

Mjerumani mmoja, Gerhard Gentzen, alijibu katika maandiko yaliyotoka mwaka 1935. Kila neno la kuunganisha lina kanuni za kuingia na kanuni za kutoka. Zile za kuingia ni kama maelezo ya maana. Zile za kutoka zinafuata tu. Sisi watoto wa Bunagana tumekua karibu na mpaka wa Uganda, kwa hiyo kuingia na kutoka tunakujua.

Tuangalie mzigo. Ili useme "ndani kuna mahindi na maharagi", unapashwa kujua yote mawili. Aliyekusikia anaweza kutoa "kuna mahindi", ao kutoa "kuna maharagi". Kwisha. Ili useme "kuna mahindi ao maharagi", kujua moja kunatosha. Lakini kutoka si rahisi. Aliyesikia hana ruhusa ya kusema "basi ni mahindi". Lazima apite njia zote mbili: mahindi yakilowa yanaharibika, maharagi yakilowa yanaharibika, basi mzigo ufunikwe, hata kama hatujui ni nini ndani.

Je, mtu anaweza kujitungia kanuni zozote? Mwaka 1960 Arthur Prior, mtu wa Nyuzilandi, alitunga neno "tonki" kwa kutujaribu. Linaingia kama "ao", linatoka kama "na". Angalia hatari yake. Leo ni Jumatatu. Basi ninasema: "Leo ni Jumatatu tonki mbuzi wako ni wangu." Kisha ninatoa: "Mbuzi wako ni wangu." Umeibiwa mchana, kwa neno moja tu! Mwaka 1962 Mmarekani Nuel Belnap alijibu kwamba neno jipya lisitupe ruhusa ya kuhakikisha mambo ya zamani ambayo bila neno hilo hatukuweza kuyahakikisha. Kwa ufupi: usitoe zaidi ya ulichoingiza.

Mnacheka, lakini tonki iko kati yetu. Mahali fulani kioo kilivunjika. Shahidi alisema ukweli: "Ni huyu ao yule." Jioni yule mdogo, mgeni asiye na ndugu pale, aliadhibiwa peke yake. Hakuna aliyesema uongo. Waliingiza "ao", wakatoa kama ni "na". Mimi, kama kiongozi wa wanafunzi, ninaona adhabu nyingi zinazaliwa hivyo, na masengenyo karibu yote.

Iko hivi: kwa "huyu ao yule" unaweza kuuliza wote wawili. Unaweza kusema wote walibaki darasani bila ruhusa, kama ni kweli kwa kila mmoja. Lakini kumpiga kidole mmoja, hapana, mpaka upate neno lingine la kumwondoa mwenzake.

Basi, ma-kapita wa madarasa, mkileta majina kwangu, niambieni kwanza: ni "na", ao ni "ao"?