Kwenda Baharini kwa Asiyejua Kuogelea: Maji ya Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na bahari pande zote, walakini mgeni atokaye bara aweza kuingia mjini asilijue jambo hilo. Gari lake hupita Makupa, maji yako huku na huku, naye amesinzia au anatafuta mzigo wake. Akizinduka yumo katikati ya maduka, na miguu yake haikulowa hata tone. Siku ya pili ndipo ajuapo alipo. Aenda Likoni kumwamkia ndugu yake, akuta barabara imekatika, mbele yake pana mlango wa bahari upatao nusu kilometa, na merikebu ya mizigo yapita hapo ikiwa ndefu kuliko mtaa mzima wa kwao.

Hapo ndipo wengi wakumbukapo kuwa hawajui kuogelea.

Jambo hili si la kuonea haya. Mtu aliyekulia kando ya mto wenye mamba, au katika vilima vya baridi ambako maji ni ya kuchota wala si ya kuchezea, angejifunza wapi? Mama wengi wa bara huwakanya watoto wao wasisogee mtoni, na mama hao wana sababu. Wala mtu asidhani ya kwamba kila mzaliwa wa Mombasa ni samaki. Vijana wa kiume wa Mji wa Kale hujirusha majini kutoka juu ya kuta, wakaibuka wakicheka; lakini wako wenzao waliokua wakiisikia bahari usiku na mchana wasiingie zaidi ya magoti. Hata miongoni mwa wavuvi na mabaharia wamo wasiojua kuogelea, nao huenda baharini kila siku iendayo kwa Mungu.

Basi swali la mgeni huyo, kwamba je, yafaa mtu asiyejua kuogelea apande chombo, limekwisha kujibiwa zamani na wenyeji. Yafaa. Lililobaki ni kujua apandeje.

Kwanza ayajue maji yenyewe. Kisiwa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mmoja wapita kando ya Mji wa Kale, chini ya daraja la Nyali, hata Tudor; huo ndio uliokuwa bandari ya majahazi kwa karne nyingi. Wa pili ni upande wa kusini na magharibi, nao ni Kilindini, uingiao ndani hata Port Reitz. Jina la Kilindini lajieleza lenyewe, kwani kilindi ni mahali penye kina kirefu, na kwa sababu ya kina hicho merikebu kubwa huweza kufunga gatini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua tofauti ya maji makavu na maji makuu hupita mita 3, na maji hayo yote hayana budi kuingia na kutoka kwa milango hiyo myembamba. Ndiyo maana mkondo huwa na nguvu. Mtu aliyejifunza kuogelea katika bwawa la shule, akajiona hodari, aweza kuchukuliwa na mkondo huo kama jani. Pengine huyu yu hatarini kuliko yule asiyejua kabisa, kwa kuwa asiyejua hujihadhari.

Ajue pia ya kwamba hatari haikai mbali, huko kwenye mawimbi makubwa ayaogopayo. Mara nyingi imekaa karibu na gati. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kuja kisiwani ilipinduka ikiwa kiasi cha mita 40 tu kutoka pwani. Waliokuwamo walikuwa kama 400, wengi wao watu waendao kazini asubuhi, na waliokufa walikuwa 272. Hapakuwa na tufani siku hiyo. Mita 40 ni umbali ambao mtu huweza kumwita mwenzake akamwitikia. Miaka 24 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, jambo kama hilo likatokea katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Kivuko kiitwacho MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Huko nako chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na abiria walikuwa wakisogea ili washuke upesi.

Ukiyatazama mambo hayo mawili, waona ya kuwa sehemu kubwa ya usalama wa mtu huamuliwa akiwa bado nchi kavu. Chombo kilichojaa kupita kiasi ni cha kuachwa kiende zake. Karani akichelewa kazini dakika 20 atakemewa, na makemeo hayaui. Likoni waendao kwa miguu hawalipi kitu, basi hata fedha haipotei kwa kungoja feri ifuatayo. Akisha kupanda, asisimame ukingoni wala karibu na mlango wa magari, na feri ikaribiapo ng'ambo asikimbilie mbele na umati. Watu wote wakisogea upande mmoja chombo huinama, na kikiinama wale wa nyuma huwaangukia wa mbele. Na yule aliyemo garini ashuke, asimame kwa miguu yake. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma likatumbukia kutoka juu ya feri katikati ya mlango wa Likoni, ndani yake akiwamo mama na mtoto wake wa kike. Siku 13 zilipita kabla ya gari hilo kutolewa, kwa kuwa lilikuwa limelala katika kina cha zaidi ya mita 50. Kuogelea hakusaidii kitu ndani ya gari lililofungwa.

Hayo ni ya kuvuka kwa haja. Kuna na kwenda baharini kwa matembezi, na huko ndiko wengi wajinyimako bure.

Mji wa Kale ulijengwa uso wake ukielekea majini. Atembeaye katika vichochoro vyake huona milango ya nakshi, mabaraza, na nguo zilizoanikwa madirishani, akadhani ameuona mji. Kumbe ameuona kwa mgongo. Mtu na apande mashua jioni, upepo ukiwa umepungua, apite polepole kutoka darajani hata mbele ya Ngome. Ataona nyumba za ghorofa zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, roshani zake zikitazama bahari, mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry ukichungulia nyuma yake, na Ngazi za Leven zikishuka mpaka majini. Ngazi hizo zimeitwa kwa jina la merikebu ya Kiingereza iliyofika Mombasa mwaka 1824. Mwisho wa safari ni Ngome yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Kutoka nchi kavu Ngome ni ukuta mrefu tu wa kando ya barabara. Kutoka majini ndipo mtu afahamupo kwa nini iliwekwa pale, kwani hakuna chombo kiwezacho kuingia bandari hii ya kale bila kupita chini ya mizinga yake.

Na chini ya maji hayo hayo, mbele ya Ngome, kuna mabaki ya merikebu. Ni Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mwaka 1697 Ngome ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman, katika vita vilivyoanza mwaka 1696 na kwisha mwaka 1698. Wapiga mbizi waliichunguza tangu mwaka 1977 hata 1980, na baadhi ya vitu walivyovitoa huonekana katika jumba la makumbusho ndani ya Ngome. Asiyejua kuogelea asitishwe na habari hiyo. Miaka zaidi ya 300 imepita, na majahazi yasiyo na idadi yamekwisha kupita juu yake salama.

Kuingia mashuani ndiko kwenye kazi. Ngazi za bandari za pwani huwa na ukoga hadi pale maji makuu yafikapo, nazo huteleza kama sabuni. Viatu vya ofisini havifai hapo. Mgeni asishuke akiwa na mzigo mikononi. Ampe baharia mzigo kwanza, kisha ampe mkono, akanyage katikati ya chombo wala si ukingoni, na akae chini mara moja. Mahali pema pa kukaa ni chini na katikati, mbali na kamba ya demani, kwa maana tanga linapogeuzwa kamba hiyo hukazwa ghafula na haitazami nani amesimama. Atakaye kupiga picha apige amekaa.

Walakini kuna jambo moja lipasalo kufanywa kabla ya hayo yote, nalo hushinda watu kuliko kupanda ngazi. Ni kusema. Mtu mzima, mwenye cheo chake na mke na watoto, huona tabu kumwambia nahodha mbele za watu, "Mzee, mimi sijui kuogelea, naomba jaketi." Huona ni kama kukiri utoto, au kumtukana nahodha kwamba hajui kazi yake. Basi hunyamaza, na majaketi ya kuokoa maisha hubaki chini ya viti yamefungwa kwa kamba, yakilala juu ya maji ya ngama. Nahodha mwema hachukii ombi hilo hata kidogo. Akilichukia, au akijibu kwamba majaketi hayapo, abiria amekwisha kupata habari aliyoitaka, na gati bado liko karibu.

Jaketi lenyewe halina faida likiwa mkononi. Livaliwe kabla chombo hakijafunguliwa, vifungo vyote vifungwe, na mtu alivute juu kwa mabega. Likipanda hata kufika masikioni ni kubwa mno, nalo litamtoka kichwani akiingia majini. Mtoto avae la mtoto. Bahari ya Mombasa ina wema mmoja ambao bahari za kaskazini hazina: ni ya vuguvugu mwaka mzima. Wengi wa wale waliozama na Titanic mwaka 1912 walikuwa wamevaa majaketi yao wakaelea, ila baridi ndiyo iliyowaua. Hapa, mtu aliyevaa jaketi barabara, akatulia asipigepige maji, aweza kungoja msaada kwa saa nyingi.

Katika merikebu kubwa za matembezi ziingiazo Kilindini mambo yamebadilika sura. Huko ajuaye na asiyejua kuogelea ni sawa, maana hakuna awezaye kuogelea kutoka bahari kuu hata pwani. Kimwokoacho abiria ni kujua mahali pake pa kukusanyikia na mashua yake ya kuokolea. Honi fupi 7 zikifuatwa na moja ndefu maana yake ni kwenda huko, bila kurudi chumbani kuchukua saa au fedha. Mwezi wa Januari 2012 merikebu ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi hilo. Tangu mwaka 2015 sheria ya mataifa yataka abiria wa safari ndefu wafanye zoezi kabla ya kuondoka au mara waondokapo. Wako wasafiri walionao huo mchezo wa kwenda kunywa chai wakati wa zoezi. Asiyejua kuogelea asiwafuate.

Kisha yabaki kujifunza. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao wakiwa katika nchi zisizo tajiri, nalo lashauri watoto wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Katika kijiji cha Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, wazazi wakaridhika. Jambo lililokuwa likisemwa haliwezekani likawezekana kwa kushona nguo. Mtu mzima naye hajachelewa. Na achague siku ya maji mafu, saa ya maji kusimama, mahali pa mchanga ambapo maji yamfika kiunoni, pamoja na mtu ajuaye. Somo la kwanza si kupiga mikono. Ni kulala chali, kichwa kikalazwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, kifua kikajazwa pumzi, mikono ikatandazwa, na mkono wa mwalimu ukiwa chini ya mgongo. Mwalimu hutoa mkono wake polepole, wala hasemi kwamba ameutoa.