Karatasi Ndiyo Mwenye Mizani

Mpenzi wa ushairi anajua kuwa ubeti una kipimo chake kabla mtunzi hajashika kalamu. Mshororo wa mizani 16 hauongezwi hata mmoja kwa ajili ya neno, likipendeza vipi. Hutafutwa neno jingine. Picha za nyeusi na nyeupe nazo zina sharti kama hilo, na anayelitoa si kamera wala filamu. Ni karatasi.

Karatasi ya picha ina pumzi fupi. Weupe wake hurudisha nuru takriban mara 100 ya weusi wake, au zaidi kidogo. Ilhali jua la adhuhuri ukutani na kivuli cha barazani huweza kupitana mara 1,000. Filamu hubeba tofauti hiyo yote, karatasi ikashindwa. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer waliliwekea jambo hili utaratibu kamili mnamo 1940 hivi. Nao mafundi wetu, mfano Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, kila siku walikabiliwa na buibui na kanzu katika picha moja.

Mimi sharti hili lilinikaa rohoni nilipokuwa Ludewa, katika milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Dawa ya kusafishia filamu hupimwa kwa nyuzi 20. Mtu wa pwani huipoza kwa barafu. Kule, mwezi wa Julai, niliipasha moto kwa jiko la mkaa, kwani ikishuka chini ya nyuzi 13 hufa ganzi.

Kulikuwa na bibi mmoja mfinyanzi, Mkisi wa Lupingu, ufukoni mwa ziwa. Picha yake ya pekee, ya miaka mingi, ilionyesha kilemba cheupe na chini yake doa jeusi. “Bibi yetu hana macho,” alisema mjukuu wake.

Kivuli huamuliwa na nuru iliyoingia kamerani. Weupe huzidi kukua kadiri filamu inavyokaa katika dawa. Basi nilimpiga picha tatu zilizo sawa, kila moja nikiipa nuru ya kuutosha uso, nikazisafisha kwa muda mbalimbali. Kisha nikatafuta sekunde chache kabisa za kuifanya karatasi iwe nyeusi tititi kupitia pembezoni mwa filamu, pasipoguswa na nuru, na kwa sekunde hizo hizo nikachapa zote. Ya dakika 9, kama kasha lilivyoagiza, kilemba kilikuwa chokaa tupu. Ya dakika 5, uso ulipooza kama majivu. Ya dakika 7 ilionyesha nyuzi za kitambaa, na macho.

Mjukuu aliipokea ikiwa bado na unyevu, akaigeuzia dirishani, akaanza kumtajia mdogo wake waliorithi paji lile la uso.